Tusiangalie sauti ya mtangazaji, tuangalie swali analouliza

Ukikaa na watu mnaangalia mahojiano ya TV kuhusu serikali fulani kubana viza au kufunga mipaka, ubishi unaanza kabla hata mgeni hajamaliza jibu la kwanza. Huyu mtangazaji anapendelea, huyu ana chuki, hiyo chaneli tunaijua. Fox ni ya wale, CNN ni ya hawa, BBC inajifanya haina upande. Mi nimefuatilia haya mahojiano miaka mingi, hasa ya Marekani na Uingereza maana sheria zao zinagusa watu wengi sana nje ya nchi zao, na kadiri ninavyozidi kuangalia naona tunapima kitu ambacho sicho. Tunapima sauti, tunapima kama mtangazaji kakunja uso au katabasamu, wakati upendeleo unaoumiza watu kweli unakaa kwenye swali lililoulizwa na lile lililorukwa, na kwenye nani amepewa kiti pale studio.

Nianze na Januari 2017. Trump kaapishwa tarehe 20, na tarehe 27, siku ya Ijumaa, akasaini amri ya kuwazuia kwa siku 90 raia wa nchi saba, Iran, Iraq, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen, na mpango mzima wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa siku 120. Ikaanza kufanya kazi palepale. Kuna watu walikuwa angani, wamepanda ndege na viza halali mkononi, wakatua wakakuta hawaruhusiwi kuingia.

Jumamosi usiku Rudy Giuliani, meya wa zamani wa New York, akakaa Fox na Jeanine Pirro, ambaye hakuna anayebisha kwamba alikuwa upande wa Trump. Hakuna kubanwa hapo, wanaongea kirafiki kabisa. Na hapohapo Giuliani akaeleza kwamba Trump alipoitangaza mara ya kwanza aliiita marufuku ya Waislamu, halafu Trump akampigia yeye Giuliani simu akamwambia aunde kamati imwonyeshe njia ya kuifanya kisheria. Kasema mwenyewe, kwa raha zake! Na hiyo ni wakati serikali inasisitiza kwamba dini haihusiki hata kidogo. Maneno yale yakabebwa na mawakili mpaka mahakamani, na Juni 2018 Mahakama ya Juu ilipoipa serikali ushindi wa majaji 5 kwa 4 (ilikuwa toleo la tatu la marufuku ile), Jaji Sotomayor aliyanukuu kwenye maoni yake ya kupinga. Stephen Miller naye, mshauri wa Ikulu, Februari 2017 alikaa Fox hiyohiyo akasema amri ya pili itakuwa na tofauti za kiufundi tu ila matokeo ya kisera yatabaki yaleyale kimsingi, na jaji wa Hawaii aliyeizuia amri ya pili mwezi uliofuata akayataja maneno hayo kwenye uamuzi wake.

Kwa hiyo mahojiano mawili kati ya yaliyotoa taarifa nzito kuliko yote kuhusu sheria ile yalifanyika kwenye chaneli ambayo wapinzani wa sheria walikuwa wanakataa hata kuiangalia. Sisemi Fox ilifanya kazi nzuri, maana Pirro alimwuliza Giuliani swali la kirafiki na jibu likatoka kubwa kuliko swali. Ninachosema ni kwamba ukipima kwa sauti na uso, mahojiano yale ungeyatupa kapuni.

Sasa njoo Jumapili asubuhi, tarehe 29, NBC, kipindi cha Meet the Press. Mgeni ni Reince Priebus, mkuu wa utumishi wa Ikulu, na mtangazaji ni Chuck Todd. Swali lililokuwa linawanyima watu usingizi wikiendi ile lilihusu wenye green card, yaani mtu ameshapewa ukaazi wa kudumu, ana nyumba, analipa kodi kule, watoto wanasoma kule, ila pasipoti yake ni ya Somalia au Iran na wiki hiyo yuko nje kwenye msiba au harusi. Anarudi au harudi? Priebus akajibu kwamba kwa kwenda mbele amri haiwagusi wenye green card. Jibu limenyooka, na watangazaji wengi wangepokea wakaenda swali la pili. Todd akabaki palepale, akauliza tena, inawagusa au haiwagusi, na Priebus akageuka akasema bila shaka inawagusa kama mtu anasafiri kwenda na kurudi kwenye nchi hizo, atahojiwa zaidi. Ndani ya mahojiano hayohayo! Kumbe hata Ikulu yenyewe ilikuwa haijajua amri yake inasemaje. Jioni ile waziri wa usalama wa ndani akatoa tamko kwamba kuingia kwa wakaazi wa kudumu ni kwa maslahi ya taifa, na tarehe 1 Februari mwanasheria wa Ikulu akaandika waraka kwamba amri haiwahusu.

Mi hayo mahojiano huwa nayarudia. Todd hakupandisha sauti wala hakumwuliza mgeni kama ni mbaguzi, aliuliza karatasi inasemaje na inamhusu nani, akakataa kuondoka mpaka ajibiwe. Familia zilizokuwa zimekaa zinasubiri simu kutoka uwanja wa ndege zilihitaji hilo kuliko hotuba yoyote ya kulaani au kusifia.

Siku chache baadaye, tarehe 2 Februari, ikatokea kinyume chake, na ilitokea MSNBC, chaneli iliyokuwa inampinga Trump waziwazi. Kellyanne Conway, mshauri wa Trump, anahojiwa na Chris Matthews. Katikati ya maelezo akataja wakimbizi wawili wa Iraq waliokuwa nyuma ya mauaji ya halaiki ya Bowling Green, akaongeza kwamba watu hawayajui maana vyombo vya habari havikuyaripoti. Hayakuripotiwa kwa sababu hayakutokea. Kilichotokea ni kwamba mwaka 2011 Wairaqi wawili walikamatwa mji wa Bowling Green, Kentucky, kwa kujaribu kupeleka silaha na pesa kwa al-Qaeda ya Iraq, wakahukumiwa, mmoja miaka 40 na mwingine kifungo cha maisha. Kesi nzito, ilikuwepo, lakini Bowling Green hakuna hata mtu mmoja aliyeuawa. Na Matthews hakumsimamisha. Sentensi ikapita laivu, na kesho yake baada ya kelele ndo Conway akasema alikusudia kusema magaidi wa Bowling Green.

Hapo ndo huwa nawaambia watu wanaoamini chaneli yao ndo safi: mtangazaji anayempinga mgeni alipitwa na tukio zima la kubuni, tena tukio ambalo ndo lilikuwa linatolewa kama sababu ya sheria. Nadhani ni kwa sababu mabishano ya aina ile yana mwendo wake, mtu anasikiliza sehemu ya kurukia tu, na jambo asilolijua likipita halioni. Kumpinga mtu kwa moyo wote hakukufanyi umjue.

Na madhara ya kitu kilichopita bila kuulizwa yanakaa muda mrefu. CNN mwaka 2005, kwenye kipindi cha Lou Dobbs, ilirushwa taarifa iliyohusisha wahamiaji na ugonjwa wa ukoma, eti Marekani imepata wagonjwa 7,000 ndani ya miaka mitatu. Takwimu za serikali zilikuwa zinaonyesha idadi kama hiyo kwa miaka 30. Mwaka 2007 Lesley Stahl wa CBS alipomwekea Dobbs takwimu hizo mezani, jibu lake lilikuwa kwamba kama wao wameiripoti basi ni ukweli. Fikiria miaka miwili hiyo mtu mwenye lafudhi ya kigeni anaingia dukani na jirani yake ameshaambiwa na TV kwamba hawa wanaleta ukoma.

Uingereza kuna mfano ambao naona hauzungumzwi vya kutosha. Januari 2010 David Cameron, kabla hajawa waziri mkuu, alikaa na Andrew Marr wa BBC akasema angependa ongezeko la wahamiaji, yaani wanaoingia ukitoa wanaotoka, liwe makumi ya maelfu badala ya mamia ya maelfu. Sentensi moja asubuhi ya Jumapili kwenye kochi, ikageuka ahadi ya chama, ikawa lengo la serikali, na chama chake kiliendelea kuibeba mpaka 2019 Boris Johnson alipoiacha. Haikutimia hata mwaka mmoja. Mwaka ulioishia Juni 2015 ongezeko lilikuwa zaidi ya 330,000.

Kwa nini haikutimia? Kwa sababu wakati ule raia wa Umoja wa Ulaya walikuwa na haki ya kuingia na serikali haikuwa na namna ya kuwazuia, na pia hakuna serikali inayoweza kuamua Waingereza wangapi wahamie nje mwaka huo, na hao nao wamo kwenye hesabu. Hilo mtu yeyote mwenye kuelewa hesabu ile angeliuliza asubuhi ileile. Utawazuiaje watu ambao sheria inakukataza kuwazuia? Kama lingeulizwa na kurudiwa mpaka lijibiwe, Waingereza waliokuwa wanataka wahamiaji wapungue wangejua mapema kwamba wanaahidiwa kitu kisicho na mpini. Badala yake wakaahidiwa uchaguzi baada ya uchaguzi, hasira ikajaa, na mnakumbuka Juni 2016 nini kilitokea. Siwezi kusema Brexit, yaani Waingereza kupiga kura kutoka Umoja wa Ulaya, ilitokana na mahojiano yale, mambo yalikuwa mengi, lakini hasira ya kudanganywa ilikuwa ya kweli, na wenye TV walikuwepo wakati uongo unazaliwa.

Na hapa nataka kuwatetea watu ambao upande wangu hauwatetei. Mi binafsi naona vizuizi vingi vya miaka hii ni vya ukatili, silifichi hilo. Lakini mtu anayetaka wahamiaji wapungue naye TV inamfanyia vibaya. Aprili 2010, kampeni imepamba moto, mama mmoja wa miaka 65 huko Rochdale, mpigakura wa chama cha Labour maisha yake yote, alikutana na Gordon Brown, waziri mkuu wa wakati ule na kiongozi wa chama hicho, barabarani akamwuliza mambo kadhaa, likiwemo la watu wanaoingia kutoka Ulaya Mashariki. Brown akaingia kwenye gari akiwa bado na maiki ya kituo cha TV cha Sky kwenye koti, akamwita yule mama mtu mwenye chuki za kibaguzi, na kila mtu akasikia. Siku ile nzima na zilizofuata TV iliongelea Brown, aibu yake, Brown kaenda nyumbani kwa mama kuomba msamaha, Brown kashika kichwa redioni. Swali la yule mama likafa palepale barabarani, sikumwona mtangazaji aliyekaa naye kwa utulivu akamwuliza, mama, kwenye mtaa wako nini kimebadilika, ni kazi, ni nyumba, ni foleni ya daktari? Inawezekana angejibu kitu ambacho ni kosa. Inawezekana pia angejibu kitu ambacho serikali ingeweza kukirekebisha bila kumfukuza mtu yeyote.

Ukiangalia vizuri utaona mhamiaji na huyu mama wanatendewa sawasawa. Wote wanapewa maiki ya barabarani sekunde chache, sura inaonekana, sentensi moja, basi. Kiti cha studio, kile chenye dakika kumi na glasi ya maji, anapewa mwanasiasa wa upande huu na mwanasiasa wa upande ule, wote wawili sheria haiwagusi popote. Halafu hiyo ndo inaitwa usawa.

Agosti 2020 ilifika mbali zaidi. Watu walikuwa wanavuka bahari kutoka Ufaransa kwenda Uingereza kwa boti za mpira za kupuliza, BBC na Sky wakakodi boti wakawafuata baharini. Kipindi cha asubuhi cha BBC kilirusha laivu mwandishi akiwa kwenye boti yake anawaelezea watazamaji jinsi wale watu wanavyochota maji yaliyoingia kwenye boti yao kwa chombo cha plastiki. Wamejaa, wanachota, kamera inavuta karibu. Sky nao wanawapigia kelele kutoka kwenye boti wanawauliza mnatoka wapi. BBC walijitetea kwamba ni habari yenye umuhimu mkubwa na wanaifanya kwa uangalifu. Kwangu mimi hayo si mahojiano. Mtu anayechota maji ili asizame hawezi kukueleza kwa nini ameondoka kwao, na ukimwuliza muda ule maana yake hutaki jibu, unataka picha yake.

Mara mojamoja mwenye swali lenyewe anapenya. Aprili 2024, wiki ileile sheria ya Rwanda ilipopita, ule mpango wa Uingereza wa kuwapeleka Rwanda watu wanaoingia kwa boti, kwenye kipindi cha Question Time cha BBC mwanamume mmoja kati ya watazamaji akasimamisha kila kitu. Akasema familia yake inatoka Goma. Akauliza, kama wangefika leo kwa boti, wangepelekwa Rwanda, nchi ambayo inasemekana wanapigana nayo?

Wewe unayesoma hii kwa Kiswahili huhitaji kuelezwa Goma iko wapi, ukivuka mpaka tu uko Gisenyi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walishaandika kwamba Rwanda inawasaidia waasi wa M23 waliokuwa wanauzingira mji ule, Rwanda inakanusha. Kwa hiyo ni swali la mtu anayejua anachouliza, pengine swali bora kuliko yote yaliyowahi kuulizwa kwenye TV kuhusu mpango ule. Waziri aliyekuwepo, Chris Philp, akajibu kwamba anadhani Wanyarwanda hawatapelekwa Rwanda. Akaambiwa hao si Wanyarwanda, ni Wakongo. Akauliza, si Rwanda na Kongo ni nchi tofauti? Ukumbi ukacheka.

Na kicheko kile ndo kikawa habari. Klipu ikazunguka dunia nzima, waziri hajui jiografia, yeye akajitetea kwamba alikuwa anauliza kwa namna ya kusema tu. Mi nilikasirika kwa sababu nyingine. Yule bwana hakujibiwa! Jibu lilikuwepo na ni zito, kwamba mpango haukuangalia umetoka nchi gani, msamaha ulikuwa kwa Mnyarwanda, kwa hiyo Mkongo wa Goma angeweza kuwekwa kwenye ndege ya Kigali. Watu wa upande wangu walipata kicheko wakaridhika, wakati waziri alipaswa kubaki pale mpaka aseme kwa mdomo wake. Mpango ulikufa Julai 2024 serikali mpya ilipoingia, baada ya watu wanne tu kwenda, tena kwa hiari, na lile swali likazikwa nao.

Kuna na uhariri, nalipitia haraka. Februari 2017 Fox iliweka mahojiano ya Tucker Carlson na mtengeneza filamu aliyekuwa anaonyesha Sweden imeharibiwa na wahamiaji, na kesho yake Trump akaitaja Sweden kwenye mkutano kama vile kuna jambo limetokea usiku uliopita. Polisi wawili wa Sweden walioonekana kwenye filamu wakaliambia gazeti la Dagens Nyheter kwamba majibu yao yamehaririwa, wao waliulizwa kuhusu uhalifu kwenye maeneo fulani, si kuhusu uhamiaji. Majibu ya kweli, yamebandikwa kwenye swali lingine.

Sasa tuko kwenye awamu nyingine. Juni 2025 Trump alitangaza nchi 12 zilizofungiwa kabisa, zikiwemo Somalia, Sudan, Chad na Haiti, na nyingine 7 zilizobanwa kwa sehemu, Burundi ikiwa mojawapo. Sababu iliyoandikwa kwa nchi nyingi ni asilimia ya watu wanaopitiliza muda wa viza, Chad imeandikiwa asilimia 49.54 kwa viza za biashara na matembezi. Namba inatisha ukiitaja kwenye TV. Sasa mtangazaji aulize, asilimia 49.54 ya watu wangapi? Maana wageni wa Chad kule ni mamia kwa mwaka, na nchi kubwa yenye asilimia ndogo inaweza kuwa imeacha vichwa vingi zaidi nyuma yake. Aulize kwa nini mwanafunzi wa Burundi ambaye hajawahi kupitiliza hata siku moja anabeba deni la mwenzake. Na aulize kuhusu Kombe la Dunia la 2026, ambalo Marekani ni mmoja wa wenyeji wake, maana tangazo lilitoa ruhusa kwa wachezaji, makocha na ndugu zao wa karibu, halafu Novemba 2025 Haiti ikafuzu kwa mara ya kwanza tangu 1974, na mashabiki hawakutajwa kwenye ruhusa ile. Waziri akikaa kwenye kiti asiulizwe kama ana chuki, aulizwe shabiki wa Haiti aliyeko Port-au-Prince na tiketi yake anaingia au haingii, na akizunguka aulizwe tena.